Damu Iliyokuwa Kipimo

Pale maabara walimwita Rula, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na mama yake. Kweli alikuwa mrefu, mwembamba, amenyooka kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, lakini jina halikutokana na umbo. Lilitokana na damu. Damu ya mwanamke huyu ndiyo waliyopimia damu za watu wengine.

Ngoja nieleze, maana watu wa maabara wakianza kueleza mambo yao wenyewe utadhani wanakusomea mashtaka. Vipimo vingi huja na mfano wake kutoka kiwandani: kichupa cha damu ya mtu mwenye afya, unalinganisha, unajua mgonjwa wako amezidi au amepungua. Lakini palikuwa na kipimo kimoja ambacho hakikuja na mfano wowote. Kilikuwa cha utafiti, kililetwa zamani na profesa mmoja mwenye haraka zake. Ndani ya kila mshipa wa damu, alisema, kuna utando mwembamba unaoteleza. Utando huo ukianza kuchubuka, unadondosha vitu vyake kwenye damu, na vitu hivyo vikiwa vingi, basi moyo wa mwenye damu hiyo uko hatarini hata kama anapanda ngazi huku anapiga mluzi. Sasa vingi ni vingapi? Lazima uwe na mtu mzima wa afya wa kulinganisha naye. Profesa akatazama huku na huku, akamwona mwanamke asiyevuta sigara, asiyekunywa, asiye na kitambi, anayekuja kazini kwa miguu. "Wewe," akasema. Ikawa imetoka. Utafiti mzima ukajengwa juu ya mkono wake wa kushoto.

Kila Jumatatu asubuhi, kabla dirisha la wagonjwa halijafunguliwa, alikaa kwenye kiti akakunja mkono wa shati. Mwenzake wa meza ya pili, mwanamume mnene ambaye kila mtu alimwita Jirani, akamfunga mpira, akampapasa mshipa, akamchoma. Jirani alikuwa na maneno kama redio. "Toa, malkia, toa. Watu wanasubiri kujua kama ni wazima." Rula alijifanya kukunja uso, lakini ndani kwa ndani alikuwa anachekelea. Hata utafiti ulipokwisha na profesa kuondoka na haraka zake, desturi ile waliiendeleza kwa vipimo vingine vidogo vidogo, na jina likabaki.

Na niseme ukweli ambao yeye mwenyewe asingeusema hata kwa kubanwa: wiki nzima hakuna mtu mwingine aliyemshika mkono. Alikuwa na chumba na sebule, na redio aliyoiwasha kabla hajavua viatu, si kwa ajili ya habari, ni ili pasiwe kimya. Alipikia sufuria ndogo, akala amesimama karibu na sinki ili asichafue meza. Ukimuuliza habari za nyumbani alijibu "salama," na ilikuwa kweli. Nani wa kuuharibu huo usalama?

Ndugu alikuwa naye, msidhani alidondoka kutoka mbinguni. Alikuwa na mdogo wake wa kike, wa tumbo moja, fundi wa mapazia, duka lake si mbali na hospitali. Hawakuwa wanazungumza tangu walipomzika mama yao.

Mama alikuwa akiishi na huyo mdogo mtu. Ikafika wakati akaanza kulalamika: akipanda ngazi kifua kinabana, bega la kushoto linauma, usingizi wa mang'amung'amu. Mdogo mtu akasema tumpeleke kwa daktari wa moyo. Mkubwa akasema tulia kwanza. Akaja na sindano yake, akamtoa mama damu palepale juu ya meza ya kukatia vitambaa, akaipima kwa kile kipimo cha profesa. Jibu likatoka: mama na Rula sawasawa, hakuna aliyemzidi mwenzake. Basi alirudi kule anatembea juu kwa juu. "Mama, wewe mzima kama mimi. Ni uchovu tu na mawazo. Pumzika." Na mama, ambaye alimwamini binti yake mkubwa kuliko madaktari wote waliosomea, hakulalamika tena. Kubana kulikuwepo, ila alinyamaza nako. Asubuhi moja akaanguka akiwa anakunja shuka.

Siku ya maziko mdogo mtu alimfuata dada yake nyuma ya nyumba, macho yamemvimba. "Wewe ndiye uliyemwambia hana kitu," akasema.

Angelia tu naye, yangeisha. Angesema hata "sijui, mdogo wangu." Lakini Rula alikuwa na kichwa kigumu, tena kigumu hasa siku alizoumia. "Kipimo hakidanganyi," akajibu. "Mama alikuwa mzima, siku zake zilifika. Na wewe, mtu wa cherehani, utajua nini kuhusu damu?"

Loo! Mtu na mdogo wake, mama yao hata udongo haujakauka! Mdogo mtu alimgeuzia mgongo. Aliingia ndani akafunga mlango taratibu, na tangu siku hiyo simu ya dada yake hakupokea tena.

Miaka ikaenda. Halafu akaja daktari mmoja, bado msichana, sauti ya chini, viatu vya raba, akakitoa kabatini kile kipimo cha utando. Rula alikuwa ameshakunja mkono wa shati.

"Asante, dada," daktari akasema, "lakini mtu mmoja hatoshi. Nataka watu kumi. Nitampima kila mmoja peke yake, kisha nitachanganya damu zao, ndiyo iwe mfano wetu."

"Profesa alitosheka na mmoja."

"Najua. Ndiyo maana narudia kazi yake."

Rula alinuna, tena alinuna waziwazi, akawa anaweka vichupa mezani kwa kishindo. Wakakusanywa watu kumi: wapimaji, dereva wa gari la wagonjwa, mama wa usafi, karani wa dirishani. Jirani naye akasukumwa mbele na kitambi chake. "Yangu itatoka mafuta matupu," akasema. "Mtaikaangia." Watu wakacheka wakatolewa damu, na siku ile ikawa kama ya sherehe.

Majibu yalipotoka walikusanyika kwenye kioo cha kompyuta. Tisa walikuwa wamejipanga pamoja chini, wamekaribiana. Mmoja alikuwa juu peke yake, mbali. Watu wote wakageuka wakamtazama Jirani.

"Haya, nimeelewa," Jirani akasema, mkono kifuani. "Nani anataka stuli yangu nimwachie?"

Daktari hakucheka. Alisogeza kichwa karibu na kioo, akakichukua kichupa cha huyo wa juu akakiangalia, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Pengine vimechanganyika. Tutarudia." Na hapo Rula akakiona kibandiko. Kilikuwa chake.

Wakarudia. Safari hii Jirani alipomfunga mpira hakusema neno hata moja, na ukimya wake ulimtisha Rula kuliko ile picha ya kwenye kioo. Jibu likawa lilelile.

Daktari alimwita pembeni, karibu na mashine ya kuzungushia damu, ili kelele zake ziwafunike. "Dada, unasikia chochote? Kifua? Pumzi?"

"Sina kitu."

"Wengi hawasikii kitu. Usiogope, hii ni alama tu, si hukumu. Utaonana na daktari wa moyo, kuna vipimo vingine, kuna dawa. Hujachelewa."

Rula aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza. Hakuwa anasikiliza. Neno moja lilikuwa linamzunguka kichwani mpaka likamtia kizunguzungu: sawasawa. Mama alikuwa sawasawa na mimi.

Sasa hapa angeweza kujificha, na mimi nisingemlaumu sana. Angeweza kujiambia kwamba wakati ule damu yake ilikuwa safi, imekuja kuharibika juzi juzi kwa umri. Nani angembishia? Kwa siku mbili alijiambia hivyohivyo. Alijiambia akipiga mswaki, alijiambia akichoma watu dirishani, mpaka bibi mmoja akamwambia, "Mwanangu, umeshanitoboa, unangoja nini kuvuta?" Lakini Rula alikuwa mtu wa maabara hata akilala, na alijua jambo moja: profesa hakutupa kitu.

Friza lilikuwa chumba cha nyuma, lile la baridi kali linalovuma mchana kutwa. Akavaa glavu nene, akavuta droo, moshi wa barafu ukampanda usoni. Akapapasa visanduku mpaka akakipata cha utafiti ule wa zamani. Vichupa vyote vilikuwa na namba, kama inavyotakiwa. Kimoja tu hakikuwa na namba. Aliyekibandika karatasi alikuwa na haraka, au alikuwa na mapenzi, maana aliandika neno moja tu, na Rula akautambua mwandiko wake mwenyewe: Mama.

Alisimama pale mpaka vidole vikafa ganzi ndani ya glavu. Miaka yote alikuwa akipita nje ya mlango ule akielekea kunywa chai, na mama yake alikuwa humo ndani, kiasi cha kijiko kimoja, ameganda.

Alivipeleka kwa daktari vichupa viwili, cha mama na cha kwake cha wakati uleule.

"Hiki ni cha nani?" daktari akauliza.

"Cha mama yangu. Hayupo." Akavisogeza mbele. "Vipime vyote viwili. Tafadhali."

Daktari alimtazama kidogo, akavipokea. Mchana walikaa wawili mbele ya kioo, mlango umerudishwa. Mama na binti walikuwa juu kabisa, bega kwa bega, mbali na wale tisa. Kipimo cha profesa hakikudanganya, kweli. Walikuwa sawasawa. Walikuwa wagonjwa sawasawa.

Rula aliinuka, akaingia stoo, akakaa chini kati ya maboksi ya glavu na pamba, akalia. Alilia kwa sauti, makamasi na yote, akiita mama, mwanamke mzima na mvi zake. Alimlilia mama, na alijililia mwenyewe, na zaidi ya yote alililia ile sauti yake yenye majivuno ikisema "mzima kama mimi." Jirani alifungua mlango, akamwona, akaufunga. Akasimama nje kuwazuia wengine wasiingie, akidai anahesabu glavu.

Alipotoka, daktari alimngoja. "Una ndugu?"

"Mdogo wangu."

"Baba mmoja, mama mmoja?"

"Ndiyo."

"Basi apimwe haraka. Mambo haya hutembea kwenye familia."

Alimpigia siku ileile. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena kesho yake, na tena. Akatuma ujumbe: "Ni muhimu, ni afya yako." Haukujibiwa. Mtu aliyekwisha kukuambia hujui kitu kuhusu damu, akianza ghafla kukuhimiza habari za damu, wewe ungepokea? Mimi nisingepokea.

Jumamosi akapiga moyo konde, akatia sindano mkobani, akaenda.

Duka lilikuwa lilelile jembamba, vitambaa vimening'inia mpaka chini hata ukiingia ni lazima uvipangue kama unaogelea. Mdogo mtu alikuwa ameinama kwenye cherehani, pini zimejaa mdomoni. Amenenepa kidogo. Ameanza kuvaa miwani. Rula alijiuliza ameanza lini, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Ukutani palikuwa na picha ya mdogo mtu katikati ya binti zake wawili wenye sare za shule. Mkubwa alikuwa ameshafikia urefu wa mama yake.

"Tumefunga," mdogo mtu akasema kupitia pini.

"Mlango uko wazi."

"Kwako tumefunga."

Rula alibaki amesimama, maana hakuambiwa akae. Akaanza kueleza. Na hapa nakereka naye hata leo, kwa sababu alikuwa amefanya mazoezi njia nzima ya kusema "nilikosea," neno jepesi ambalo hata mtoto analiweza, na lilipofika kwenye ulimi likageuka. "Ulinganisho wa wakati ule ulikuwa na kasoro," akasema. "Kuna kipimo kimerudiwa. Imeonekana mfano uliotumika haukuwa sahihi. Kwa hiyo ndugu wa damu wanashauriwa..."

"Wanashauriwa," mdogo mtu akarudia. Akazitema pini kwenye kisahani, moja moja. "Unaongea kama tangazo. Mama alikuwa mgonjwa au hakuwa mgonjwa?"

"Alama zilikuwa juu."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Inaelekea alikuwa."

Mdogo mtu alivua miwani, akabonyeza macho kwa vidole viwili. Barabarani muuza ndoo alipita akizigonga. Kisha akavuta mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko, akauweka mkono mezani, juu ya kitambaa cha watu.

"Toa. Na si kwa ajili yako. Nina watoto."

Rula alimfunga mpira. Mkono ule aliufahamu. Aliwahi kuushika wakivuka barabara kwenda shule. Mikono yake mwenyewe, iliyochoma watu wasiohesabika, ikakosa mshipa.

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo?" mdogo mtu akasema.

"Samahani. Mara moja tu."

Damu ikaja. Wote wawili waliitazama ikipanda kwenye bomba, maana ilikuwa rahisi kuliko kutazamana.

"Na safari hii mnalinganisha na damu ya nani?"

"Ya watu tisa."

"Tisa? Mbona hesabu ya ajabu?"

"Walikuwa kumi." Rula alikuwa akibandika plasta, akaibandika vizuri sana, kingo zote. "Mmoja alitolewa."

Mdogo mtu alimkazia macho. Rula akafunga mkoba. "Nitapiga Alhamisi," akasema. "Tafadhali pokea." Akatoka akipangua vitambaa, na hakuna aliyemwambia karibu tena.

Jumatatu ilimkuta amekaa kwenye stuli yake, mkono wa shati umefungwa kifungo. Chupa la damu iliyochanganywa ya watu tisa lilikuwa tayari kwenye rafu. Jirani alitaka kusema kitu, akafungua mdomo, akaishia kumuuliza kama dirisha lifunguliwe. Likafunguliwa. Mchana akaenda ghorofa ya pili kwa daktari wa moyo, akaandikiwa vidonge na tarehe ya vipimo zaidi. Akarudi akaendelea kuchoma watu. Ukiacha daktari, siku nzima hakuguswa na mtu, na kwa mara ya kwanza aliliona hilo waziwazi, akalionea uchungu.

Alhamisi jibu la mdogo wake likatoka. Rula aliipima damu kwa mkono wake, kisha akamwomba Jirani aipime kwa mkono wake yeye, kisha akamwomba daktari naye arudie. Mdogo mtu alikuwa chini, katikati ya wale tisa, kama mmoja wao. Safi. Mama hakumwachia ule ugonjwa.

Wakati wa chakula cha mchana alikwenda nyuma ya jengo, kwenye benchi karibu na pipa la maboksi, akapiga. Ikaita mara chache tu.

"Haloo." Nyuma ya sauti cherehani lilikuwa linakwenda mbio.

"Ni mimi. Majibu yametoka. Wewe mzima. Damu yako haina tatizo lolote."

Cherehani likasimama.

"Hivyohivyo ndivyo ulivyomwambia Mama," mdogo mtu akasema.

Rula alikuwa na maelezo tayari: tumerudia mara tatu, watu watatu tofauti. Yalikuwa maelezo mazuri. Akaona yote ni ulinganisho tena, ni kasoro tena, ni wanashauriwa. Akayaacha.

"Ndiyo," akasema. "Hivyohivyo. Na nilikosea. Mama alikuwa mgonjwa, wewe uliona, ukataka kumpeleka, mimi nikakuzuia. Nilimlinganisha na damu yangu. Huyo wa kumi ni mimi, mdogo wangu. Yangu ni mbovu kama ya Mama, nilikuwa sijui, nikamwambia mzima kama mimi, naye akaniamini. Halafu nikakutukana siku ya kumzika. Usinisamehe kama huwezi. Lakini ulikuwa unasema kweli, nami nimechelewa kukwambia."

Rula alisubiri mlio wa simu kukatwa.

"Na wewe una nani huko?" mdogo mtu akauliza.

"Nina daktari. Nimeanza vidonge, na hapa kazini wenzangu..."

"Sikuulizi kazini. Nakuuliza una nani. Ukianguka chumbani kwako, nani atajua?"

Rula alifungua mdomo kutaja mtu. Alitafuta kwa kweli, mmoja mmoja.

"Hakuna," akasema.

Mdogo mtu hakusema pole. Hakusema njoo. Lakini simu hakuikata. Baada ya muda cherehani likaanza tena, pole pole kwanza, kisha kwa mwendo wake wa kazi, likapanda, likakata uzi, likapanda tena. Muda wa chakula ulikwisha, wenzake wakaanza kurudi ndani, na Rula alikuwa bado amekaa kwenye benchi, simu sikioni, anamsikiliza mdogo wake akishona, mpaka salio likaisha.